Mwongozo kamili wa kuhesabu kundi la kipunji bila kumhesabu mmoja mara mbili

Kila msimu wa sensa malalamiko ni yale yale. Timu inaingia msituni alfajiri, inalisikia kundi la kipunji, nyani adimu wa mitini, inalikimbilia kwenye mteremko, na jioni inarudi na namba tatu: 14, 22 na "zaidi ya 40". Hakuna hata moja inayofaa kuandikwa kwenye ripoti.

Tatizo haliko kwenye macho ya watu. Liko kwenye kulikimbilia kundi. Kipunji anayefuatwa hutawanyika juu ya matawi, wengine wanakaa kimya nyuma ya ndevu za kuvumwani zinazoning'inia matawini na nyuma ya majani, wengine wanazunguka na kutokea tena upande mwingine. Ukitaka namba ya kweli, tulia mahali wanapolazimika kuvuka, waache wao wapite mbele yako.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya askari wa wanyamapori wa vijiji, kamati za mazingira na wanafunzi wanaofanya kazi katika makazi mawili tu ya kipunji yanayojulikana duniani, yote yakiwa Tanzania: misitu ya Mlima Rungwe na Livingstone (Livingstone ikiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo), na msitu wa Ndundulu katika Milima ya Udzungwa. Kati ya makazi hayo kuna takriban kilomita 350, kwa hiyo wa huku hawawezi kuwafikia wa kule.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuondoka

- Darubini moja kwa kila mtazamaji. Ya kupokezana haifai, kwa sababu kundi linaweza kuvuka wakati darubini iko mikononi mwa mwenzako.
- Kihesabio cha kubonyeza kwa kidole gumba, ili macho yasiondoke kwenye matawi.
- Daftari dogo ndani ya mfuko wa nailoni, na penseli. Wino hautaki ukungu.
- Dira, ramani ya eneo na kifaa cha GPS chenye betri za akiba.
- Saa moja kwa kila timu, zote zikiwa zimelinganishwa usiku uliotangulia.
- Koti la mvua la rangi iliyofifia, sweta nzito na buti za mpira. Baridi ya Juni na Julai kule juu haina mzaha.
- Barakoa za kutosha.
- Tochi ya kichwani na filimbi. Filimbi ni ya dharura tu.
- Simu yenye kamera nzuri, ikiwa imezimwa sauti zote.

Mbwa abaki nyumbani. Kipunji wamewindwa kwa mbwa kwa muda mrefu, na harufu au mbweko mmoja unatosha kuwapoteza kwa siku nzima.

## Hatua ya 1: Kibali kwanza, afya pili

Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Livingstone iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania (TANAPA). Kama kazi yako ni utafiti, utahitaji pia kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI). Anza mapema, na mpitie mwenyekiti wa kijiji kinachopakana na njia utakayoingilia hata kama karatasi zako zimekamilika. Kazi ikikwama, yeye ndiye atakayejua nani anaijua njia ya kutokea.

Kuhusu afya sina mjadala: mwenye mafua, kikohozi au homa haingii. Nyani na binadamu wanaambukizana magonjwa ya njia ya hewa, na kwa mnyama mwenye idadi ndogo hivi, ugonjwa mmoja kwenye kundi ni hasara isiyofidika. Vaa barakoa ukiwa karibu nao, usiteme mate, usiache maganda ya ndizi wala mabaki ya chakula. Haja kubwa ifukiwe mbali na kijito.

Utajua umefanikiwa ukiwa na nakala za vibali kwenye mfuko na jina la mlinzi wa msitu anayejua siku na njia yako.

## Hatua ya 2: Mtambue mnyama kabla hujamhesabu

Namba nyingi huharibika hapa bila watu kujua. Kipunji huonekana mara kwa mara wakila jirani na mbega na kima, na mtu asiyezoea huwajumlisha wote.

Mbega hana shida: ni mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Anayechanganya ni kima. Tazama mambo haya kwa mpangilio huu:

Kichwa. Kipunji ana kishungi kirefu cha nywele kilichosimama utosini, na ndevu ndefu za mashavuni. Hata akiwa kivuli tu ndani ya ukungu, umbo hilo la kichwa halifanani na la kima.

Rangi. Mwili ni wa kahawia. Tumbo na sehemu ya mwisho ya mkia vinaelekea weupe uliochafuka. Uso, mikono na miguu ni vyeusi.

Mkia. Mrefu kuliko mwili. Mara nyingi ndicho kitu cha kwanza utakachokiona, kikining'inia chini ya tawi.

Mlio. Dume mzima hutoa sauti nzito, kati ya honi na mbweko. Ukiisikia mara moja hutaisahau. Kima dume hutoa mlio mkavu wa ghafla. Mbega hunguruma kwa mfululizo, hasa kunapopambazuka.

Onyo: usiwachezee mlio wa kipunji uliorekodiwa kwenye simu ili wajibu. Watajibu kweli, lakini watakuja wakiwa na hofu, madume mbele, majike na watoto wamejificha. Utapata namba ya madume tu, na utakuwa umewavuruga bure.

Utajua umefanikiwa ikiwa kila mmoja kwenye timu anaweza kutaja mnyama kwa kuona mkia na kichwa tu. Wajaribuni kwa picha kabla ya siku ya kazi. Asiyeweza apewe kazi ya kuandika.

## Hatua ya 3: Yatenganishe makundi kwa masikio

Kabla ya kuhesabu wanyama, jua kuna makundi mangapi na kila moja liko wapi. Hii huchukua muda kuliko watu wanavyopenda, na ndiyo sababu huwa inarukwa.

Anza na wakulima wa pembezoni. Mwenye shamba la mahindi linalopakana na msitu anajua kundi linatokea upande gani, mwezi gani na saa ngapi, kwa sababu anapoteza mahindi. Muulize kwa heshima na bila kumfanya ajione anashtakiwa. Ukimwendea kama askari, atakuambia hajawahi kuona nyani yeyote.

Kisha panda kwenye migongo ya milima. Weka watu wawili kwenye migongo miwili inayotazamana, wakae kimya tangu kabla ya jua. Mlio ukisikika, kila mmoja asome nyuzi za dira na kuandika saa. Mistari ya dira ikichorwa kwenye ramani, pale inapokatana ndipo kundi lilipo.

Milio miwili kutoka pande mbili ndani ya dakika moja inaonyesha makundi mawili. Milio miwili iliyopishana kwa saa nzima haionyeshi chochote, maana kundi moja linaweza kuwa limehama. Ndiyo maana saa lazima zilingane.

Na hapa kuna jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: amueni mapema mnaandika saa za Kiswahili au za kwenye kifaa. Timu moja ikiandika "saa 1:10" na nyingine "07:10" kwa tukio lile lile, atakayekaa na daftari mezani atadhani ni makundi mawili. Andikeni kama kifaa kinavyoonyesha, basi.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ramani yenye duara moja kwa kila kundi, na kila duara limethibitishwa kwa milio ya wakati mmoja na duara la jirani.

## Hatua ya 4: Walaze jioni, waamkie alfajiri

Mchana kundi limetawanyika likila. Kipunji hula zaidi ya aina 100 za mimea: matunda, majani, maua, magome na mashina, pamoja na wadudu. Anayekula matunda yuko juu ya mti huu, anayetafuna shina yuko bondeni. Huwezi kuwaona wote.

Jioni hukusanyika. Kwa hiyo wafuatilie kwa mbali alasiri, simama wanapoanza kutulia, weka alama kwenye GPS, uondoke kabla giza halijaingia. Usisogee chini ya mti wao wa kulala ili "kuhakikisha". Wakishtuka jioni huweza kuhama, na asubuhi utaamkia mti mtupu.

Rudi kabla ya mapambazuko kwa njia ile ile uliyotokea. Tembeeni wawili wawili, mkiachana hatua chache. Ukungu ukishuka hadi usimwone mwenzako, simameni papo hapo. Msitu huu una makorongo yaliyofunikwa na majani ambayo mchana tu ni hatari.

## Hatua ya 5: Chagua pengo

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu.

Pengo ni mahali ambapo matawi ya juu yamekatika na kundi halina budi kujianika ili livuke. Inaweza kuwa korongo la kijito, mti mkubwa ulioanguka, maporomoko ya udongo, njia ya zamani au ukingo wa mianzi. Kutoka kwenye mti wa kulala, tafuta mapengo yaliyo upande wanaoelekea kula. Mmakaranga (*Macaranga capensis*) ni kiashiria kizuri: ni chakula kikubwa cha kipunji, na hupenda kuota palipokuwa wazi. Ukiona kichaka cha majani yake mapana upande wa pili wa korongo, una sababu ya kuamini watapita hapo.

Pengo zuri lina sifa tatu. Lina upana wa kuwafanya waruke au wapite mmoja mmoja. Nyuma yake kuna anga au majani ya rangi moja, ili umbo la mnyama lionekane. Na lina mahali pa wewe kukaa, angalau mita 30 pembeni, bila kuwa kwenye njia yao.

Usikae chini ya pengo. Ukiwa chini unaona matumbo na mikia inayopishana, na wao wanakuona kama chui aliyejibanza. Kaa ubavuni, ikiwezekana kwenye mteremko ulio sawa na urefu wa matawi.

Wawekeni watazamaji wawili kwenye pengo na wa tatu nyuma, upande wa mti wa kulala. Kazi ya huyu wa tatu ni moja: kuona kama kuna waliobaki au waliopitia kwingine. Bila yeye, kila namba unayoipata ni "angalau".

Utajua umefanikiwa ikiwa ukiangalia pengo kwa darubini unaona ncha za matawi ya pande zote mbili bila kugeuza kichwa.

## Hatua ya 6: Hesabu

Mara nyingi huanza hivi. Tawi linatikisika bila upepo. Kimya. Dume mmoja anatokea ukingoni mwa pengo, anakaa, anaangalia chini na kushoto, kishungi kimelowa umande na kulala upande mmoja. Anaweza kukaa hapo dakika kadhaa. Usimwelekezee kidole, usimpige picha kwa mwanga. Akiruka, wengine huanza kumfuata, kwanza kwa kupishana, kisha kwa haraka kiasi kwamba kidole kinaweza kupotea kwenye kihesabio.

Mtazamaji wa kwanza anabonyeza tu. Kila mnyama aliyetoka tawi la huku na kugusa tawi la kule ni mbonyezo mmoja. Aliyejitokeza na kurudi hahesabiwi. Aliyevuka, akarudi, akavuka tena, mtazamaji anasema "karudi" kwa sauti ya chini na mwenzake anaandika toa moja.

Mtazamaji wa pili anamnong'oneza mwandishi, au anaandika mwenyewe, aina ya kila mmoja: dume mzima, jike, kijana, mtoto. Mtoto mchanga hubebwa akiwa ameng'ang'ania tumbo la mama kwa nje, na ndiye anayesahaulika kuliko wote. Kwa hiyo angalia kifua cha kila jike kabla hajaruka, si wakati anaruka.

Daftari lionekane hivi:

06:48 dume mzima 1, kakaa
06:52 kavuka
06:52 jike 1 + mtoto tumboni
06:53 vijana 2
06:53 jike 1, hana mtoto
06:54 karudi kijana 1
06:55 kavuka kijana 1
06:57 matawi yametikisika chini ya pengo, sijaona mnyama

Mstari wa mwisho ni wa thamani. Usiugeuze kuwa mnyama, wala usiufute. Weka safu mbili: "niliowaona" na "niliowahisi". Ripoti hutumia safu ya kwanza. Ya pili inakuambia kama pengo hilo ni zuri au wanakupita kwa chini.

Simu ikiwa juu ya jiwe au imefungwa kwenye tawi, ikirekodi pengo zima, itamaliza ubishi jioni. Video peke yake haitoshi, kwa kuwa ukungu huingia katikati ya kamera na mnyama dakika usiyoitarajia.

Kundi likimaliza kuvuka, bakini mlipo nusu saa. Wachelewaji wapo karibu kila mara: dume mzee, au jike mwenye mtoto mdogo.

Utajua umefanikiwa ikiwa namba ya kihesabio na namba ya daftari zinatofautiana kwa wawili au chini ya hapo. Zikizidi, siku hiyo iandikwe kama jaribio.

## Hatua ya 7: Rudia, kisha uchague namba

Kundi moja lihesabiwe mara kadhaa kwa siku tofauti. Halafu usitafute wastani.

Hili linashangaza wengi, hasa waliosoma takwimu. Sababu yake ni kwamba makosa msituni hayaendi pande zote kwa usawa. Ni rahisi sana kumkosa mnyama, na ukikaa kwenye pengo ni vigumu kumwona ambaye hayupo. Kwa hiyo wastani kwa kawaida utakuwa chini ya ukweli. Chukua namba ya juu kabisa inayoaminika.

Neno "inayoaminika" ndilo lenye kazi. Tuseme una 21, 27 na 38. Siku ya 38, kundi la jirani halikusikika kabisa kwenye mgongo wake. Hapo kuna uwezekano mkubwa makundi mawili yalikutana kwenye mti wa matunda. Tupa 38, chukua 27, na andika kwa nini. Ndiyo maana timu za makundi jirani zifanye kazi asubuhi ile ile: namba ya kwako haiaminiki mpaka mwenzako aseme kundi lake lilikuwa wapi.

Kwa kujipima, tumia sensa iliyochapishwa mwaka 2008. Ilipata kipunji 1,042 katika makundi 34 upande wa Rungwe na Livingstone, na 75 katika makundi manne Ndundulu, jumla 1,117. Hiyo ni wastani wa karibu 31 kwa kundi huku na 19 kule. Ukipata 9 Rungwe, huenda umeona kipande cha kundi. Ukipata 60, rudi Hatua ya 3.

## Hatua ya 8: Andika na yanayowazunguka

Namba bila hali ya msitu haimsaidii mlinzi kupanga doria. Mkiwa njiani, andikeni mliyoyaona na mahali pake: mitego ya waya, mitego ya magogo pembezoni mwa mashamba, visiki vibichi, mashimo ya kupasulia mbao, matanuru ya mkaa, njia mpya.

Msikabiliane na mtu yeyote mnayemkuta akikata au akiwinda. Piga picha ya mahali, si ya sura, kisha toa taarifa kwa mlinzi mliyeachana naye.

Eneo la kuangaliwa kwa karibu ni Bujingijila, ukanda mwembamba unaounganisha Rungwe na Livingstone. Ukanda huo ulidhoofishwa na kilimo na ukataji, na miti ya asili imekuwa ikipandwa kuurudisha. Kipunji huteremka ardhini mara chache, na pale matawi yanapokatika sana kundi la upande mmoja halikutani na la upande wa pili. Ukipata hata alama moja ya kipunji ndani ya ukanda huo, iandike kwa ukamilifu kuliko kitu kingine chochote cha siku hiyo: saa, mti, mwelekeo, wangapi.

Andika pia miti waliyokula. Orodha hiyo ndiyo anayoitaka mtu wa kitalu anapochagua miche ya kupanda, na mara nyingi hana wa kumpa.

## Hatua ya 9: Namba iende wapi

Nakala moja kwa mamlaka ya hifadhi, nyingine kwa serikali ya kijiji, ya tatu ibaki kwenu. Ya kijiji iwe ya lugha rahisi: makundi mangapi, wangapi, mashamba yapi yako kwenye njia yao. Mkulima aliyewaelekeza kundi linapotokea ana haki ya kujua mlipata nini.

Sehemu kamili za mti wa kulala na mapengo zisiwekwe mtandaoni, wala kwenye kundi la WhatsApp. Zima pia utunzaji wa mahali kwenye picha za simu kabla hujazituma. Mwindaji naye ana simu.

Sensa inayofuata ifanyike mwezi ule ule, kwenye mapengo yale yale kama bado yapo, na ikiwezekana na watu wale wale. Mkibadilisha msimu, matunda yamebadilika na kundi limehamia kwingine, na tofauti ya namba haitakuwa na maana. Pengo likiwa limejiziba kwa miti kukua, liandikeni hivyo, mchague jipya.